Kurekebisha Mchanganyiko wa Kabureta ya Pikipiki Baada ya Kubadilisha Chujio la Hewa

Kabureta ya pikipiki haipimi hewa inayoingia wala haina namna ya kutambua aina ya chujio lililofungwa nyuma yake. Kinachoifanya itoe petroli ni mnyonyo unaotokea kooni mwake pistoni inaposhuka, na mnyonyo huo hutegemea hali ya njia nzima ya hewa, kuanzia mdomo wa boksi la chujio hadi kwenye valvu. Ndiyo maana kubadilisha chujio, jambo linaloonekana kuwa la usafi tu, huweza kugeuza ulaji wa mafuta, nguvu ya injini, rangi ya plagi na hata joto la kichwa cha silinda, na ndiyo maana pia pikipiki iliyokuwa ikienda vizuri huweza kuanza kumisi au kupiga milipuko katika ekzosi saa chache baada ya kufungiwa chujio jipya lisilo na kasoro yoyote.

Mwongozo huu unahusu pikipiki za silinda moja zenye mipigo minne, za cc 100 hadi 150, ambazo ndizo nguzo ya usafiri wa bodaboda katika Afrika Mashariki na ambazo nyingi bado hutumia kabureta yenye slaidi, yaani kipande cha duara kinachopanda na kushuka kooni mwa kabureta kikivutwa na waya wa akseli. Pikipiki zenye mfumo wa injeksheni hurekebisha mafuta kwa kompyuta yake, kwa hiyo haziguswi na maelezo haya. Msimamo unaofuatwa hapa ni kwamba mara nyingi kubadilisha chujio hakudai kugusa skrubu hata moja, na kwamba panapohitajika marekebisho, kazi huanza kwa kutambua ni sehemu gani ya kabureta iliyoathirika. Kuzungusha bisibisi kwa kubahatisha mpaka mlio wa injini upendeze si marekebisho.

Chujio na uwiano wa hewa na mafuta

Ili petroli iungue yote pasipo kubaki mafuta wala hewa, huhitaji hewa yenye uzani wa takriban mara 14.7 ya uzani wake. Lita moja ya petroli ina uzani wa kilo 0.74 hivi, na mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina kilo 1.2 hivi, kwa hesabu hiyo, kila lita ya petroli inayomiminwa katika tangi huungua pamoja na hewa inayokaribia lita 9,000, na hewa yote hiyo haina njia nyingine isipokuwa kupita katika chujio. Mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko kiwango hicho huitwa mzito, na wenye hewa nyingi kuliko kiwango huitwa mwepesi. Injini hutoa nguvu yake kubwa kabisa mchanganyiko ukiwa mzito kidogo, hewa ikiwa mara 12.5 hadi 13 ya petroli, na hubana matumizi vizuri zaidi ukiwa mwepesi kidogo. Kwa hiyo kabureta nzuri haitoi uwiano mmoja wakati wote, bali hutoa mzito mkono wa mafuta unapofunguliwa kabisa na mwepesi zaidi wakati wa mwendo wa kawaida.

Petroli hupanda kutoka katika kibakuli cha kabureta kwa sababu ya tofauti ya kanieneo. Kibakuli kina tundu la kupumulia linalokiunganisha na hewa ya nje, wakati kooni mwa kabureta kanieneo hushuka kadiri hewa inavyopita kwa kasi, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayosukuma petroli kupitia jeti, yaani vipande vidogo vya shaba vyenye matundu yaliyopimwa. Chujio likiziba, injini huendelea kuvuta huku mlango wa hewa ukiwa umebanwa, kanieneo ya kooni hushuka zaidi, na petroli huongezeka wakati uleule hewa inapopungua. Choki hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, hivyo si kosa kusema kwamba pikipiki yenye chujio lililoziba hutembea siku nzima na choki iliyovutwa nusu.

Hapa ndipo panapoanza mkanganyiko unaowasumbua wengi. Pikipiki ambayo chujio lake lilianza kuziba miezi mingi iliyopita hutoa moshi mweusi na kula mafuta, na fundi anayeletewa malalamiko hayo bila kufungua boksi la hewa hupunguza petroli: huteremsha sindano, hufunga jeti ndogo zaidi, au hupitisha uzi mmoja wa waya wa umeme katika tundu la jeti kubwa ili kulipunguza. Pikipiki hutulia. Siku chujio jipya linapofungwa, hewa hurudi katika kiwango chake lakini petroli hubaki imebanwa, na mchanganyiko huwa mwepesi kupita kiasi. Lawama huangukia chujio jipya, ilhali kinachotakiwa ni kuondoa marekebisho ya zamani na kurudisha jeti, sindano na skrubu katika vipimo vya kiwanda. Kwa anayebadilisha chujio la karatasi kwa jingine la karatasi lenye umbo na ukubwa uleule, huo ndio mwisho wa kazi, na lolote litakaloongezwa hapo lina uwezekano mkubwa wa kuharibu kuliko kutengeneza.

Hali ni tofauti kidogo pale chujio la karatasi linapobadilishwa kwa la sponji au la nyuzi za pamba, kwa kuwa upinzani wake kwa hewa haulingani. Badiliko hilo kwa kawaida ni dogo, nalo humalizwa na mkato mmoja wa sindano au robo ya mzunguko wa skrubu. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikamuliwe kwa kubanwa pasipo kusokotwa, ikauke kabisa, kisha ipakwe oili kidogo na kubanwa tena ili ziada itoke, kwani sponji kavu hupitisha vumbi na iliyolowa mno hubana hewa. Karatasi kavu haioshwi. Hugongwa taratibu na kupulizwa upepo hafifu kutoka ndani kwenda nje. Yapo pia machujio ya karatasi yaliyolowekwa oili kiwandani, na hayo hayapulizwi wala hayasafishwi: yakichafuka hutupwa.

Badiliko kubwa ni lile la kuondoa boksi la hewa na kufunga chujio la wazi, lenye umbo la koni, moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Boksi hilo si kifuko cha kuhifadhia chujio tu. Hutuliza mapigo ya hewa yanayorudi nyuma valvu inapofungwa, na vipimo vya jeti za kiwandani vilichaguliwa likiwapo. Likiondolewa, injini huhitaji jeti kubwa zaidi na mara nyingi sindano iliyopandishwa, na hata baada ya kazi yote hiyo pikipiki ya cc 125 hupata sauti kubwa zaidi kuliko nguvu. Kwa pikipiki ya biashara, inayobeba abiria katika vumbi na mvua, uamuzi wa kuondoa boksi ni vigumu kuutetea. Ama kutembea bila chujio kabisa, hakuna marekebisho ya kabureta yanayokufidia: vumbi la barabara za udongo lina chembe za silika zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda, nazo husaga ringi na kuta za silinda mpaka injini ianze kuvuta oili.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kugusa kabureta

Dalili za mchanganyiko mbaya hufanana sana na dalili za kasoro nyingine, hivyo marekebisho yanayofanywa juu ya injini yenye hitilafu huficha hitilafu hiyo kwa muda tu. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba chujio limekaa sawasawa, kwamba mfuniko wa boksi umefunga pande zote, na kwamba mpira unaounganisha boksi na kabureta haukujikunja wakati wa kurudishwa, kosa la kawaida mno kwa sababu sehemu hiyo ni finyu na mkono hauingii vizuri. Jambo la pili ni mpira au gasketi iliyopo kati ya kabureta na injini, kwani ufa mdogo hapo huingiza hewa isiyopita katika kabureta kabisa. Ufa huo hutafutwa kwa kunyunyiza maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa inanguruma yenyewe. Mlio ukibadilika maji yanapogusa mahali fulani, hapo ndipo penye tundu. Wapo wanaotumia petroli kwa jaribio hili, na wanacheza na moto.

Plagi iwe nzima na yenye nafasi sahihi, nafasi za valvu ziwe zimepimwa injini ikiwa baridi, choki irudi mpaka mwisho wake, na tundu la kupumulia la mfuniko wa tangi liwe wazi. Ndani ya kabureta, kibakuli kifunguliwe na kusafishwa, na jeti zipulizwe kwa upepo wa kompresa, wala zisichokolewe kwa waya au sindano ya kushonea, kwa kuwa shaba ni laini na tundu likipanuka halirudi. Kimo cha floti, yaani kiboya kinachopandisha na kushusha vali ya kuingizia petroli, kilinganishwe na kipimo cha kitabu cha pikipiki husika, kwa sababu petroli ikisimama juu mno katika kibakuli mchanganyiko huwa mzito katika kila nafasi ya mkono, na ikisimama chini mno huwa mwepesi kila mahali. Jeti yenye uzi wa waya ndani yake, au iliyochongwa tundu kwa keekee, itupwe na kununuliwa nyingine yenye namba ya kiwandani.

Namba hizo zinastahili kuelezwa. Katika jeti za Keihin, namba hukaribia kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti namba 95 ina tundu la takriban milimita 0.95. Mikuni, kwa upande wake, hupima jeti zake nyingi kwa kiasi cha petroli kinachopita, na hivyo namba ya kampuni moja haiwezi kulinganishwa na ya nyingine. Tofauti inayoonekana ndogo kwa namba si ndogo kwa petroli: kutoka 95 kwenda 100, eneo la tundu huongezeka kwa karibu asilimia 11. Hii ndiyo sababu ya kupanda au kushuka kwa hatua moja tu kwa wakati, na sababu pia ya kutolitegemea tundu lililopanuliwa kwa mkono, ambalo hakuna awezaye kulipima.

Mipaka ya kila sehemu

Kabureta ya slaidi ina sehemu nne zinazopokezana kazi kadiri mkono wa mafuta unavyofunguliwa. Kuanzia sailensa, yaani mnguruma wa injini pasipo kuvutwa mafuta, hadi takriban moja ya nane ya mkono, petroli hutoka katika jeti ndogo, ikisimamiwa na skrubu ya mchanganyiko. Kati ya moja ya nane na robo, mkato uliopo chini ya slaidi upande wa chujio ndio wenye sauti kubwa, na kwa kuwa kuubadilisha ni kununua slaidi nyingine, marekebisho ya kawaida huuacha ulivyo. Kutoka robo hadi robo tatu, mtawala ni sindano, kijiti kilichochongoka kinachoning'inia kwenye slaidi na kuingia katika mrija wa petroli: slaidi inapopanda, sehemu nyembamba ya sindano hubaki mrijani na petroli hupata nafasi pana zaidi. Kutoka robo tatu hadi mwisho, jeti kubwa huamua. Mipaka hii si ukuta, kwa kuwa kila sehemu huendelea kuchangia ndani ya eneo la jirani yake, lakini inatosha kuonyesha mahali pa kutafuta.

Kutokana na mpangilio huo, swali la kwanza kwa kila malalamiko ni mkono ulikuwa umefunguliwa kiasi gani kasoro ilipotokea. Kasi ya pikipiki haisemi lolote, maana kilomita 40 kwa saa kwenye mlima huweza kuhitaji mkono mzima na kwenye tambarare robo tu. Njia rahisi ni kubandika kipande cha gundi ya karatasi juu ya mpira wa mkono na kingine juu ya kifuko cha swichi kinachogusana nao, kuchora mstari mmoja unaovuka vipande vyote viwili mkono ukiwa umefungwa, kisha kuufungua mpaka mwisho na kuchora mstari wa pili, na kugawa nafasi iliyopo kati yake katika robo nne. Baada ya hapo dereva hutazama chini mara moja tu na kujua kama tatizo liko katika eneo la jeti ndogo, la sindano au la jeti kubwa.

Dalili zenyewe hutofautishwa kwa tabia. Injini yenye mchanganyiko mwepesi hupata joto haraka, husitasita mkono unapofunguliwa ghafla, hupiga milipuko midogo katika ekzosi mkono unapofungwa kwenye mteremko, na resi yake huchelewa kushuka. Hufanya vizuri ikiwa baridi na choki ikiwa imevutwa, na huwa mbaya zaidi ikiendeshwa kwa muda mrefu. Injini yenye mchanganyiko mzito ni mvivu, hunguruma kwa mlio mzito usio na makali, hutoa moshi mweusi na harufu ya petroli, na huzidi kuwa nzito kadiri inavyopata joto. Panapokuwa na shaka, choki ivutwe kidogo kwa sekunde moja au mbili katika nafasi ileile ya mkono inayoleta kasoro: injini ikichangamka, ilikuwa na njaa ya mafuta, ikizidi kuzama, haikuhitaji mafuta zaidi.

Kati ya makosa mawili hayo, wepesi ndio wa hatari. Mchanganyiko mzito huchafua plagi, hula fedha na, ukiachwa kwa wiki nyingi, hupitisha petroli kwenye oili na kuipunguzia uzito wake, lakini mwepesi hupandisha joto la chumba cha kuchomea mpaka valvu za kutolea moshi ziungue na, katika hali mbaya, kichwa cha pistoni kitoboke. Anayelazimika kuchagua kati ya jeti mbili zinazokaribiana, na ambaye pikipiki yake hubeba mzigo, achague kubwa.

Mfuatano wa marekebisho

Kazi huanza na jeti kubwa, kisha sindano, na skrubu ya mchanganyiko huja mwisho. Mafundi wengi hufuata mpangilio wa kinyume, kwa sababu skrubu iko nje na hufikiwa kwa bisibisi pasipo kufungua kitu, na kwa urahisi huo imebebeshwa lawama za kabureta nzima. Petroli inayopimwa na sindano hupita kwanza katika jeti kubwa, hivyo kubadilisha jeti kubwa baada ya kumaliza sindano huweza kuvuruga kazi iliyokwisha kufanyika. Kinyume chake, skrubu ya mchanganyiko haina la kusema mkono ukiwa wazi kabisa.

Jeti kubwa hujaribiwa barabarani, injini ikiwa imepata joto lake la kawaida, kwenye kipande kilichonyooka kisicho na magari wala watoto, pikipiki ikiwa katika gia inayouruhusu mkono kufunguliwa wote bila kuvuka mwendo wa usalama. Mwinuko mrefu wa wastani unafaa kuliko tambarare. Mkono ukiwa wazi kabisa na injini ikivuta, urudishwe kidogo, kiasi cha moja ya nane. Pikipiki ikionekana kuongeza nguvu kwa muda mfupi mkono unaporudishwa, jeti ni ndogo mno, kwani kufunga slaidi ghafla huongeza petroli kwa nukta chache na injini imeonyesha kwamba ilikuwa ikiihitaji. Ikiwa mkono mzima unaleta uzito na kumisi ambako hutoweka unaposhushwa hadi robo tatu, jeti ni kubwa mno. Jeti ibadilishwe namba moja kwa mara moja, kwa mfano kutoka 95 kwenda 98, na jaribio lirudiwe mahali palepale.

Plagi hutoa ushahidi wa pili. Plagi safi hufungwa, pikipiki huendeshwa kwa mkono wazi kwa sekunde kumi hivi, kisha klachi huvutwa na swichi kuzimwa kwa pamoja, pikipiki ikaachwa isimame bila injini kunguruma tena, kwa sababu nusu dakika ya sailensa hutosha kuandika habari nyingine juu ya ile ya kwanza. Rangi ya kahawia iliyofifia au ya kijivu kwenye kauri ni njema, masizi makavu meusi ni dalili ya uzito, na weupe wa chokaa, hasa wenye vipele vidogo vinavyong'aa, ni onyo la wepesi. Weusi wenye unyevu wa mafuta mazito ni oili inayopanda kutoka chini, nao hautibiwi na kabureta. Ikumbukwe kwamba maelezo ya rangi katika vitabu vya zamani yaliandikwa wakati wa petroli yenye risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa 2006. Petroli ya sasa huacha rangi hafifu, na plagi iliyotumika kwa muda mfupi huweza kubaki karibu nyeupe pasipo kasoro yoyote, hivyo rangi isikubaliwe peke yake bila ushahidi wa mwenendo wa injini.

Sindano hufuata. Kichwani mwake ina mikato, kwa kawaida mitano, na klipu ndogo inayokaa katika mmojawapo. Klipu ikihamishiwa mkato wa chini, sindano hupanda na mchanganyiko wa kati huwa mzito; ikihamishiwa mkato wa juu, sindano hushuka na mchanganyiko huwa mwepesi. Klipu hiyo ni ndogo kuliko ukucha na huruka ikibanwa vibaya, kwa hiyo kazi ifanyike juu ya kitambaa cheupe, na mkato wa awali uandikwe kabla ya kuguswa. Jaribio lake ni mwendo wa kawaida kati ya robo na nusu ya mkono, ambapo pikipiki ya biashara hutumia sehemu kubwa ya siku yake, na kwa sababu hiyo mkato mmoja wa sindano hugusa gharama ya mafuta kuliko jeti kubwa inavyogusa. Katika pikipiki zilizotembea miaka mingi, sindano na mrija wake husuguana mpaka tundu likawa la mviringo wa yai. Uzito unaotokana na uchakavu huo, unaoonekana zaidi karibu na robo ya mkono, hauponi kwa klipu, na dawa yake ni kubadilisha vyote viwili.

Skrubu ya mchanganyiko hurekebishwa mwisho, injini ikiwa na joto kamili baada ya mwendo wa dakika kumi hivi. Kwanza itambuliwe ni ya aina gani: ikiwa imewekwa upande wa chujio, nyuma ya slaidi, husimamia hewa, na kuifunga huongeza uzito; ikiwa imewekwa upande wa injini, husimamia petroli iliyokwisha kuchanganywa na hewa kidogo, na kuifunga hupunguza uzito. Ifungwe mpaka iguse mwisho wake kwa upole, kwani ncha yake ikikazwa kwa nguvu hupasua kiti chake, kisha ifunguliwe mzunguko mmoja na nusu. Skrubu ya sailensa, ambayo huzuia slaidi isishuke hadi chini, ipandishwe kidogo ili injini isizime. Hapo skrubu ya mchanganyiko izungushwe robo kwa robo, kila robo ikifuatwa na kusubiri kwa sekunde chache, mpaka mzunguko wa injini ufikie kilele chake na mlio uwe laini. Kisha sailensa irudishwe katika kiwango cha kitabu, ambacho kwa injini nyingi za ukubwa huu huwa kati ya mizunguko 1,200 na 1,500 kwa dakika, na skrubu ya mchanganyiko ijaribiwe tena. Kilele kikipatikana skrubu ya hewa ikiwa karibu imefungwa yote, jeti ndogo ni ndogo mno. Kikipatikana baada ya mizunguko mitatu au zaidi, ni kubwa mno, na kwa skrubu ya petroli hukumu hiyo hugeuka. Skrubu isiyoleta badiliko lolote inapozungushwa huashiria njia iliyoziba au hewa inayoingia kwa wizi, na kabureta hurudi mezani kufunguliwa.

Kipimo cha mwisho ni matumizi. Tangi lijazwe hadi alama moja ya shingo pikipiki ikiwa imesimama wima, itembee kilomita 100 katika njia na mzigo wake wa kawaida, kisha lijazwe tena hadi alama ileile, na lita zilizoingia zilinganishwe na za kabla ya marekebisho. Tangi moja halitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa foleni ya siku moja hubadilisha hesabu.

Kabureta za kiwambo, na suala la mwinuko

Baadhi ya pikipiki za daraja hili zina kabureta ambayo slaidi yake haivutwi na waya bali hupandishwa na mnyonyo unaofanya kazi juu ya kiwambo cha mpira. Waya wa akseli hufungua bawa dogo tu, na slaidi hupanda kadiri injini inavyovuta, hivyo alama za robo kwenye mkono hazilingani moja kwa moja na nafasi ya sindano. Kabureta hizi huvurugwa zaidi na kuondolewa kwa boksi la hewa, skrubu yake ya mchanganyiko mara nyingi hufichwa chini ya kizibo cha shaba kwa sababu za kudhibiti moshi, na tundu dogo kama la pini katika kiwambo huleta uvivu ambao fundi huutafuta kwenye jeti bila mafanikio. Kiwambo kikaguliwe kwa kushikwa dhidi ya mwanga kabla ya kitu kingine chochote.

Mwinuko wa mahali huingia katika hesabu kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na msongamano wa hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ule wa Mombasa. Petroli nayo hupungua, lakini kwa karibu asilimia 8 tu, kwa sababu mtiririko wake hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya kanieneo. Matokeo ni kwamba kabureta iliyopangwa pwani huwa nzito kwa asilimia 8 hadi 9 ikifika huko, na jambo hilohilo hutokea kwa pikipiki inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya au Njombe. Uzito huo hupunguza nguvu lakini haudhuru, na safari ya siku mbili haidai marekebisho. Anayehamia nyanda za juu kwa muda mrefu hushusha jeti kubwa namba moja au mbili na kurekebisha skrubu upya, na jeti ya pwani aifunge katika karatasi yenye namba yake na kuiweka pamoja na spana za pikipiki, kwa kuwa siku ya kuteremka itahitajika kabla ya mzigo wa kwanza kupakiwa.